Dk. Florence Stoney: Tabibu Aliyekataliwa Mlangoni



Katika somo la Elimu ya Uraia umefundishwa kwamba raia ana haki na ana wajibu. Sisi walimu aghalabu huanza na haki, kisha tukaingia kwenye wajibu, kana kwamba viwili hivi ni ndugu wasiogombana kamwe. Leo ninakuletea habari za mtu aliyenyimwa haki ya kutimiza wajibu wake. Alikuwa na ujuzi ambao nchi yake iliuhitaji mno. Akaenda mwenyewe kujitolea. Akajibiwa kwamba hafai kwa kuwa ni mwanamke. Huyo ni Dk. Florence Ada Stoney, mzaliwa wa Ireland, mmoja wa madaktari wa mwanzo walioitumia eksirei katika tiba, na mwanamke wa kwanza nchini Uingereza kuifanya kazi hiyo akiwa daktari.

Utauliza: mwanamke wa Dublin, aliyezaliwa zaidi ya miaka 150 iliyopita, anatuhusu nini sisi tulio hapa Mantapala, kati ya miti ya miombo na Ziwa Mweru? Anatuhusu, na nitakuonyesha kwa njia mbili: moja inapita Mbala, nyingine inapita Katanga. Lakini tusikimbilie huko. Kwanza tuweke msamiati sawa, maana ukurasa huu ni wa wanaojifunza Kiswahili.

Neno *mionzi* umelisikia. Umoja wake ni *mwonzi*, nao ni mstari wa mwanga, kama ule unaopenya kwenye tundu la paa la nyasi asubuhi na kuonyesha vumbi likielea hewani. Eksirei ni mionzi ya namna yake: haionekani kwa macho, hupita katika nyama kwa urahisi, lakini huzuiwa na mfupa, na huzuiwa zaidi na risasi au chuma. Ukiweka mkono kati ya mionzi hiyo na bamba la kupigia picha, mfupa huacha kivuli chake juu ya bamba. Kwa hiyo picha ya eksirei, kusema kweli, ni picha ya vivuli. Wengi wetu tuliotoka Katanga husema "kupigwa radio", msemo tulioupata katika Kifaransa. Huko sokoni sema upendavyo. Katika insha andika *eksirei*. Utabibu unaotumia mionzi hiyo huitwa *radiolojia*.

Mionzi hii iligunduliwa na Wilhelm Röntgen, mwanafizikia wa Ujerumani, jioni ya tarehe 8 Novemba 1895, katika mji wa Würzburg. Kabla ya Krismasi alikuwa amepiga picha ya mkono wa mke wake, mifupa yote ikionekana na pete ikiwa nyeusi kidoleni. Habari zilienea duniani kwa kasi ya ajabu. Mwaka huohuo wa 1895, mjini London, msichana mmoja wa miaka 25 alikuwa anapata shahada yake ya kwanza ya udaktari.

Florence alizaliwa Dublin tarehe 4 Februari 1870. Baba yake, George Johnstone Stoney, alikuwa mwanafizikia. Ndiye aliyeipa chembe ndogo ya umeme jina la *elektroni*, mwaka 1891. Kwa hiyo kila unapolitamka neno hilo katika somo la sayansi, unatamka neno lililotoka katika nyumba aliyokulia Florence. Dada yake, Edith, aliyemtangulia kwa mwaka mmoja tu, alisoma hisabati Cambridge na kufaulu kwa daraja la kwanza mwaka 1893. Cambridge hawakumpa shahada. Alifanya mitihani ileile waliyofanya wanaume na akafaulu. Lakini wakati huo chuo hicho hakikutoa shahada kwa mwanamke.

Hapo ndipo unapouona mlango wa kwanza. Dublin nako, Chuo cha Trinity hakikuwapokea wanawake hadi mwaka 1904. Mzee Stoney alikuwa mtetezi wa elimu ya juu ya wanawake, tena hakuishia kwenye maneno: mwaka 1893 familia ilihama Dublin ikaenda London ili mabinti waweze kuendelea na masomo. Nasitasita hapa kwa makusudi. Katika makazi yetu wako wazazi waliohama kwa sababu ya bunduki, nao hawakuwa na la kuchagua. Huyu alihama kwa sababu ya shule ya mabinti zake. Nimekwisha kusikia, kwa masikio yangu, mtu mzima mwenye heshima zake akisema kwamba fizikia si somo la binti, na kwamba binti anayejua hesabu nyingi atamshinda mumewe. Sitajibizana naye hapa. Nasema tu kwamba mzee mmoja wa Ireland, mwenye hesabu nyingi yeye mwenyewe, aliona tofauti.

London kulikuwa na chuo cha udaktari cha wanawake, kilichoanzishwa mwaka 1874 kwa sababu vyuo vingine viliwafungia wanawake milango. Florence alisoma hapo, akahitimu mwaka 1895, kisha akapata shahada ya juu ya udaktari mwaka 1898. Alifundisha anatomia, yaani elimu ya maumbile ya mwili, kwa miaka kadhaa katika chuo hichohicho. Edith naye alifundisha fizikia hapo kuanzia mwaka 1899, akajenga maabara yake. Fikiria ndugu wawili wa aina hiyo wakila chakula cha jioni meza moja: mmoja anajua kila mfupa ulipo, mwingine anajua umeme unavyokwenda. Kazi ya eksirei inazihitaji elimu zote mbili.

Mwaka 1902 Florence alianzisha huduma ya eksirei katika Hospitali ya Royal Free, London, na pia katika Hospitali Mpya ya Wanawake, ile iliyoanzishwa na Elizabeth Garrett Anderson. Edith alimsaidia kuchagua mitambo. Usidhani alipewa jengo zuri. Mahali pa kazi palikuwa pabaya, na mabamba mengine aliyasafishia nyumbani kwake. Siku hizo picha haikutokea kwenye kompyuta. Ilipigwa juu ya bamba la kioo lililopakwa dawa, likasafishwa gizani kwa maji na kemikali, likakaushwa, ndipo ukaona kama mtoto amevunjika au hakuvunjika.

Mtambo wenyewe ulikuwa na tyubu ya kioo iliyopitishwa umeme wenye nguvu nyingi. Tyubu hizo zilikuwa na tabia kama za mbuzi: leo imetulia, kesho inakusumbua. Hewa kidogo iliyobaki ndani yake ilibadilika kadiri ilivyotumika, na nguvu ya mionzi ikabadilika pamoja nayo. Basi kabla ya kumpiga mgonjwa picha, daktari alitaka kujua mionzi ya siku hiyo ina nguvu kiasi gani. Njia rahisi iliyotumiwa na wengi katika kazi hiyo ilikuwa kuweka mkono wao wenyewe mbele ya tyubu na kuutazama juu ya kiwambo chenye kung'aa. Mifupa ikionekana vizuri, mtambo uko tayari. Siku baada ya siku, mwaka baada ya mwaka. Mionzi haina joto la kukuonya wala harufu. Weka jambo hilo akilini; tutalirudia.

Mwaka 1906 Florence alifungua chumba chake cha kazi katika mtaa wa Harley, mtaa wa madaktari wenye majina makubwa mjini London. Ilipofika mwaka 1914, alikuwa na uzoefu wa miaka 12 katika fani ambayo umri wake mzima haukufika miaka 20. Watu wa namna hiyo hawakuwa wengi Ulaya nzima.

Agosti 1914 Vita Kuu ya Kwanza ikaanza. Fikiria sasa askari aliyepigwa na kipande cha kombora. Jeraha ni dogo kwa nje, lakini chuma kimepita nyama, kikagonga mfupa, kikageuka njia, kikalala mahali pasipojulikana. Bila eksirei daktari wa upasuaji hukata na kutafuta kwa vidole. Kwa eksirei anajua ni wapi na ni kina gani. Hivyo ndugu hawa wawili walikwenda kwenye shirika la Msalaba Mwekundu la Uingereza, wakajitolea kuwahudumia majeruhi kwa eksirei huko Ulaya.

Aliyewakatalia ni Sir Frederick Treves. Hakuwa mtu mjinga, na hilo ndilo linalonishughulisha. Alikuwa daktari wa upasuaji mashuhuri kuliko wengi wa zama zake; mwaka 1902 alimpasua Mfalme Edward wa Saba jipu la tumboni na kumwokoa, na kutawazwa kwa mfalme kulikuwa kumeahirishwa kwa ajili hiyo. Mtu kama huyo aliijua vizuri thamani ya ujuzi. Aliwakataa kwa sababu ya jinsia yao. Si kwamba aliwapima akawaona wamepungua, hakuwapima.

Sasa litazame neno *kujitolea*. Shina lake ni *toa*, nacho kiambishi *-ji-* kinaonyesha kwamba anayetoa na anayetolewa ni mtu yuleyule. Lakini kutoa kunahitaji mpokeaji. Mtu anaweza kuibeba nafsi yake hadi mlangoni, akaambiwa ofisi imefungwa. Wanawake wa Uingereza wakati huo hawakuwa hata na kura: walipewa mwaka 1918, tena wale tu waliotimiza miaka 30 na kuwa na masharti ya mali, usawa kamili wa kura na wanaume ulikuja mwaka 1928. Kwa hiyo Florence hakuweza kumwadhibu mbunge wake katika uchaguzi. Alichoweza ni kutafuta mlango mwingine.

Mlango huo uliitwa Bibi St Clair Stobart, mwanamke aliyekuwa anaandaa kikosi cha hospitali chenye wahudumu na madaktari wanawake kwenda Ubelgiji. Ubelgiji ilikuwa imevamiwa, na Wabelgiji hawakuwa na nafasi ya kuuliza kama daktari amevaa suruali au sketi. Florence akajiunga, akawa kiongozi wa madaktari wa kikosi hicho na mwenye dhamana ya eksirei. Septemba 1914 walifika Antwerp, wakageuza ukumbi wa muziki uliokuwa hautumiki kuwa hospitali. Pale palipochezwa ngoma za mabwana na mabibi, vikapangwa vitanda.

Hawakukaa sana. Mwanzoni mwa Oktoba Wajerumani waliharibu mitambo ya maji ya mji, na usiku wa kuamkia tarehe 8 Oktoba mizinga ikaanza kuupiga mji wenyewe. Hospitali ilikaa chini ya makombora kwa muda wa saa 18. Majeruhi walibebwa kuteremshwa kwenye vyumba vya chini ya ardhi, kisha ikatafutwa njia ya kuwatoa mjini. Walipokwisha kuondolewa wagonjwa, madaktari wenyewe hawakuwa na usafiri. Wengi wenu mnajua maana ya sentensi hiyo bila ya mimi kuifafanua. Mnajua jinsi mji unavyokuwa siku ile: barabara zimejaa watu, kila chombo chenye magurudumu kimejaa, na kila mtu anaulizana njia iliyo wazi. Mwishowe walipata nafasi katika mabasi ya London yaliyokuwa yamepelekwa vitani, nayo yalikuwa yamepakia risasi na baruti. Wakapanda juu ya shehena hiyo, makombora yakianguka. Walivuka daraja la mto Scheldt. Dakika 20 baadaye likalipuliwa.

Kwa utumishi wake huko Florence alipewa baadaye nishani ya vita iitwayo Nyota ya 1914. Ila angalia mpangilio wa mambo: nishani ilitolewa na nchi ileile ambayo mwanzoni haikutaka huduma yake.

Hakurudi nyumbani kukaa. Kikosi kilihamia Cherbourg, kaskazini mwa Ufaransa, katika jumba la kale la Tourlaville. Hapo kwa miezi kadhaa alipata kazi aliyokuwa ameitaka tangu mwanzo: kutafuta risasi na vipande vya makombora ndani ya miili ya watu. Aligundua pia kwamba jicho lake limezoea kutambua katika picha sehemu ya mfupa iliyokufa. Mfupa uliovunjwa na risasi huweza kufa kipande chake, na kipande hicho kikibaki ndani, kidonda hakifungi. Usaha unatoka wiki kwa wiki. Daktari akionyeshwa mahali penyewe hukitoa, na mgonjwa hupona upesi zaidi. Hii ndiyo radiolojia kwa ukweli wake. Haikutaka mtambo tu. Ilitaka mtu aliyekwisha kutazama vivuli vingi hata akajua kivuli kipi si cha kawaida.

Wengi wenu mnalijua jina la Marie Curie, ambaye katika vita hiyohiyo aliandaa magari ya eksirei kwa jeshi la Ufaransa na kuwafundisha wanawake kuyatumia. Anastahili sifa zake zote. Lakini Curie alikuwa mwanasayansi, si tabibu. Florence alikuwa daktari aliyesoma picha, akaamua ugonjwa, akawajibika kwa uamuzi wake. Na dada yake Edith, mwanafizikia, alikwenda na Hospitali za Wanawake wa Scotland, chombo kilichoasisiwa na Dk. Elsie Inglis baada ya yeye naye kukataliwa na wakubwa wa jeshi. Edith alifanya kazi ya eksirei Ufaransa, kisha Balkani. Ukihesabu, utaona kwamba orodha ya waliokataliwa mwaka 1914 ni orodha nzuri sana ya wafanyakazi.

Machi 1915 hospitali ya Cherbourg haikuhitajika tena, Florence akarudi London. Na sasa Wizara ya Vita ikamwita. Majeruhi walikuwa wanaingia kwa maelfu, na wataalamu wa eksirei hawakutosha. Aliteuliwa kuwa mkuu wa idara ya eksirei na umeme katika Hospitali ya Kijeshi ya Fulham, yenye vitanda 1,000, akiwa mmoja wa madaktari wanawake wa kwanza kuajiriwa na Wizara hiyo kwa kazi ya muda wote. Alidumu hapo hadi mwisho wa vita, na mwaka 1919 akatunukiwa nishani ya OBE. Kilichobadilika kati ya Agosti 1914 na Machi 1915 si ujuzi wa Florence. Ni shida iliyoongezeka hadi chuki ikawa ghali mno.

Hapa ndipo njia ya Mbala inapoingia. Usifikiri vita hiyo ilikuwa ya Wazungu kule Ulaya peke yake. Ilipiganwa pia katika ardhi hii. Jenerali wa Kijerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, alisalimu amri huko Mbala, wakati huo ikiitwa Abercorn, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kumalizika Ulaya. Majeshi yaliyomwandama yalilishwa kwa migongo ya wapagazi. Watu wa Luapula walipiga makasia kupandisha mizigo kwa mitumbwi, kupitia Ziwa Bangweulu hadi mto Chambeshi, na wengine wengi walibeba mizigo kichwani mwendo wa majuma. Waliouawa na njaa, kuhara na homa walikuwa wengi kuliko waliouawa na risasi. Wakati Florence anawapiga picha majeruhi wa Fulham, mpagazi aliyevunjika mguu kwenye njia ya Mbala alifungwa vijiti na jamaa zake. Sisemi hivyo kumlaumu Florence. Nasema ili tunapojifunza historia ya tiba, tuulize pia iliishia wapi.

Turudi kwenye mkono. Florence alipata madhara ya ngozi katika mkono wake wa kushoto, yaliyohusishwa na mionzi, na afya yake ikadhoofika. Haikuwa balaa yake peke yake. Tangu miaka ya mwanzo, wapiga picha wa eksirei walikuwa wanapoteza vidole, kisha mikono, kisha uhai. Elizabeth Fleischman, mwanamke wa San Francisco aliyepiga picha za askari wa Marekani, alikufa mwaka 1905 kwa saratani iliyotokana na kazi yake. Uingereza iliunda kamati ya kulinda watu dhidi ya eksirei na radiamu mwaka 1921 tu. Ya kimataifa ikaja mwaka 1928. Leo ukienda kupigwa picha hospitalini, utamwona mhudumu anajificha nyuma ya ukuta kabla ya kubonyeza. Watu wengine hucheka, wakadhani anaogopa. Hajifichi kwa woga. Yeye hupiga picha nyingi kwa siku, wewe unapiga moja, na ukuta ule umejengwa kwa sababu ya mikono ya watu kama Florence.

Alihamia Bournemouth, kwenye pwani ya kusini mwa Uingereza, lakini hakupumzika. Alifanya kazi katika hospitali mbili, akawa rais wa kwanza wa tawi la Wessex la Taasisi ya Radiolojia ya Uingereza, akaandika kuhusu matibabu ya mionzi kwa rovu, yaani uvimbe wa tezi shingoni, na kwa uvimbe wa mji wa mimba.

Miaka hiyohiyo ndiyo inayotuleta Katanga. Matibabu ya mionzi yalitegemea pia radiamu, madini adimu yanayotoa mionzi yenyewe bila umeme. Mwaka 1915 yalipatikana mawe yenye uraniamu na radiamu huko Shinkolobwe, karibu na Likasi. Mnajua Likasi, wengine mna jamaa huko. Tangu mwaka 1922 kampuni ya Union Minière ilisafisha radiamu ya mawe hayo katika kiwanda cha Olen, Ubelgiji, na kwa miaka kadhaa Ubelgiji ikawa muuzaji mkuu wa radiamu duniani. Hospitali za Ulaya zilitibu saratani kwa kitu kilichochimbwa nyumbani kwenu. Baadaye uraniamu ya shimo hilohilo iliingia katika bomu la Hiroshima, lakini hiyo ni makala nyingine.

Mawe ya Shinkolobwe yalichambuliwa kwa mikono ya wafanyakazi wa Kikongo. Mkono wa kushoto wa Dk. Stoney tunaujua, umeandikwa katika habari za maisha yake, na wenzake wa fani waliandika juu yake alipokufa. Mikono ya Shinkolobwe haikuandikwa hivyo. Mwalimu wa historia hawezi kuyaandika majina asiyokuwa nayo, lakini anaweza kukataa kupita mahali hapo kimya. Wakati wa kuorodhesha waliolipa gharama ya eksirei na radiamu, acha mistari mitupu kwa ajili yao.

Florence alistaafu mwaka 1928, akiwa na miaka 58. Alisafiri na Edith, ndugu hawa wawili ambao hawakuolewa wala hawakuachana, wakafika hadi India. Huko alichunguza ugonjwa wa kulainika mifupa ya watu wazima, uletwao na ukosefu wa vitamini D. Mwili hutengeneza vitamini hiyo ngozi ikipata jua. Mtu anayefungiwa ndani muda mrefu bila jua huweza kuugua hata katika nchi yenye jua kali. Mifupa ya nyonga ikilainika hupindika, na mwanamke hupata taabu kubwa wakati wa kujifungua. Hiyo ndiyo ilikuwa makala yake ya mwisho ya kisayansi. Mimi naona inamfaa kabisa: mwanamke aliyeutumia umri wake kutazama mifupa kwa mionzi ya mtambo, anamaliza kwa kuuliza jua linafanya nini kwa mifupa ya kina mama.

Alifariki tarehe 7 Oktoba 1932, akiwa na miaka 62, baada ya kuugua kwa muda mrefu na kwa maumivu makali. Ilikuwa saratani ya mifupa ya uti wa mgongo.

Edith aliishi miaka sita zaidi, hadi tarehe 25 Juni 1938. Katika miaka hiyo alitoa fedha kuanzisha ufadhili wa utafiti chini ya Shirikisho la Wanawake wa Vyuo Vikuu la Uingereza. Hakuupa jina lake. Aliuita kwa jina la baba yake na la mdogo wake: Ufadhili wa Johnstone na Florence Stoney. Mwanamke aliyeupata angeweza kufanya utafiti wa biolojia, jiolojia, hali ya hewa au radiolojia, na alitakiwa, ikiwezekana, aende mbali kuufanya: Australia, New Zealand au Afrika Kusini.